Aliyeitwa Mara Tatu

Siku karani wa mlangoni alipokosea, miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja na ameufunga kwa plasta ya kidonda. Alitoka kwenye korido ya mahakama akiwa amekumbatia jalada la kesi ya mauaji, akasimama pale anaposimama siku zote, kati ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto na mlango wa chumba cha jaji, akaanza kuita. Utaratibu wa mahakama ile ulikuwa kuita kila jina mara tatu kwa sauti. Ukiitwa mara tatu usitokee, inaandikwa hati ya kukukamata. Ukitokea, huondoki katika kesi hiyo mpaka jaji mwenyewe atamke kwamba umeachiliwa. Karani aliwaita washtakiwa wanne, ingawa walikuwa mahabusu ghorofa ya chini na wasingeweza kwenda popote, kisha jicho lake likateleza mstari mmoja, akaita jina la marehemu.

Mama Fundi alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. Jina la mwanawe lilipoitwa mara ya kwanza alidhani masikio yanamchezea. Mara ya pili alimtazama karani kwa hasira. Mara ya tatu Fundi akatokea kwenye ngazi, amevaa shati jeupe na suruali nyeusi alizozikwa nazo, viatu vimejaa udongo.

"Samahani kwa kuchelewa," alimwambia karani. "Nimetoka mbali."

Karani aliangalia jalada, akaliona kosa lake, akaguna. Lakini mtu alikuwa ameitwa na amekuja. "Ingia," akasema, "na kung'uta viatu kwanza. Pamepigwa deki sasa hivi."

Jaji aliandika kwamba marehemu yupo. Wakili wa utetezi alisimama kuuliza kama hali hiyo haimaanishi kwamba hakuna aliyekufa, na kwa hiyo hakuna kesi. Jaji aliona swali ni la haki, akamgeukia Fundi.

"Ulikufa?"

"Nilikufa, Mheshimiwa."

"Asante. Kaa."

Wakili wa serikali alisema hana pingamizi, tena amefarijika, maana sasa hana haja ya kumsumbua daktari wa mochwari aje kuthibitisha maiti ilikuwa ya nani. Kesi ikaahirishwa, na kwa kuwa hakuna aliyemwachilia, Fundi alikwenda nyumbani na mama yake kungoja tarehe nyingine.

Njiani mama alimtanguliza mbele ili amtazame vizuri, ndipo alipoliona shati limechanwa mgongoni kuanzia kolani hadi chini. Watu wa mochwari huzichana nguo hivyo ili kumvisha mtu asiyeweza kuinua mikono. Walipofika alimwambia avue, akaondoa kitambaa kilichoifunika cherehani tangu siku ya mazishi, akalishona shati lile kwa mshono wa kurudia, uliolala vizuri kama wa dukani. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia, na alikuwa hajashona hata pindo moja tangu amzike. Alipomaliza shati alivuta kitambaa cha mteja mmoja aliyekwisha kata tamaa, akaendelea.

Fundi hakula, ila alipenda kuwekewa kikombe cha chai mbele yake apate harufu. Alikuwa wa baridi kidogo. Ukimpa mkono ulihisi umeshika bomba la maji asubuhi. Majirani walimzoea upesi.

"Fundi, umerudi?"

"Kesi haijaisha."

"Pole. Kesi za siku hizi zinavutwa mno."

Wakapita na shughuli zao. Mwenye duka la jirani alimletea komeo lililolegea, akalitengeneza, akaambiwa bado mkono wake ni ule ule. Mama yake alikaa akimsikiliza akipiga nyundo uani, na polepole, bila mwenyewe kujua, alianza tena kula. Kwanza aligusagusa tu, halafu akamaliza sahani, halafu akaongeza. Magauni yaliyokuwa yakimpwaya yakaanza kumkaa.

Fundi alikuwa ameuawa kwa sababu ya mlango. Fundi alichomelea vyuma: grili za madirisha, mageti, fremu za vitanda. Kundi moja la vijana wa mtaa wa pili lilimwagiza mlango wa ghala lao, naye akautengeneza kama alivyotengeneza vitu vyote, kwa bidii iliyopitiliza. Genge la Kona, mahasimu wao, walikuja na nyundo na mitarimbo kuuvunja wakashindwa. Wakatoka jasho, wakachekwa na watoto. Kiongozi wao, aliyeitwa Kamanda, akauliza ni nani aliyechomelea kitu kile, na mtu akamwelekeza karakana. Ubaya wote wa Fundi ulikuwa huo.

Walikwenda wanne. Watatu walikuwa watu wa genge hasa. Wa nne aliitwa Foronya, kwa sababu alipokuwa shule ya msingi mama yake alimshonea shati la foronya ya mto, ikabakia mdomoni mwa watu hata alipokuwa na ndevu. Aliambiwa twende ukatusaidie kubeba mlango. Akaenda.

Kamanda hakuwa mjinga. Alipokamatwa tu alikiri, akakubaliana na serikali awataje wenzake apunguziwe, na alipowataja alisema aliyemalizia ni Foronya. Ushahidi ukamuunga mkono. Nguo za wengine zilikwisha chomwa moto, lakini shati la Foronya lilikutwa limelowa damu ya Fundi mbele na nyuma. Lilikaa kwenye mfuko wa nailoni juu ya meza ya mahakama, likaitwa kielelezo namba moja. Fundi aliketi akilitazama kikao baada ya kikao, na Mama Fundi alimtazama mwanawe akilitazama, akageuza macho.

Kesi iliahirishwa mara nyingi. Jaji aliugua mafua, wakili alikuwa na kesi nyingine, shahidi alikuwa amehama. Kila karani alipotangaza tarehe mpya korido nzima iliguna, isipokuwa Mama Fundi, ambaye moyoni alishukuru. Alijua kesi ikiisha mwanawe ataachiliwa, na aliyezikwa akiachiliwa ana mahali pamoja tu pa kwenda.

Mwisho wa pili wa benchi lile aliketi mama yake Foronya, msafishaji wa hospitali, mara nyingi bado amevaa mabuti ya mpira ya kazini. Kila kikao alikuja na shati safi ndani ya mfuko, na kila kikao askari walimkatalia kulipeleka mahabusu. Kati ya wanawake wale wawili pangeenea watu watatu, na hakukaa mtu.

Siku moja Fundi alipopita hapo aliinama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu yule mama, macho yake sakafuni.

Mama Fundi alimvuta mwanawe kwa kiwiko kama mtoto wa chekechea. "Unamwamkia nani wewe?"

"Mtu mzima, mama."

Hakumuuliza zaidi. Alikuwa na swali la muda mrefu kuhusu lile shati la damu, na aliogopa jibu lake.

Hatimaye siku ya hukumu ilifika, na wale watatu waliokana mashtaka, Foronya akiwa mmojawao, wakakutwa na hatia. Jaji alisema adhabu zitasomwa kikao kijacho, za hao na ya Kamanda pamoja, na kabla ya hapo mama wa marehemu atapewa nafasi ya kusema neno. Wakili wa serikali alimfundisha neno lenyewe pale pale koridoni. Aseme alivyoumia, aombe adhabu kali kwa wote, asiongeze mengi.

Mchana ule Fundi alikisogeza kikombe chake cha chai pembeni.

"Mama, Foronya hakunigusa kwa ubaya. Kamanda alinichoma wakakimbia wote, yeye akabaki. Alivua shati akanikandamiza nalo hapa." Akaweka kiganja chini ya mbavu. "Polisi ndio waliomwondoa juu yangu."

Mama Fundi alisimamisha cherehani. "Kesi nzima umekaa mle ndani. Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa. Niliitwa kwa makosa, mama, sikuitwa kama shahidi." Akakizungusha kikombe. "Na wewe ulikuwa umeanza kula."

Lilimchoma jibu hilo. Alimkasirikia, akajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa vile alijua kwamba wote wawili walikuwa wamezinunua zile sahani zake za chakula, na kile kikombe cha chai, kwa miaka ya mtoto wa mtu. Alinyanyuka akafagia chumba ambacho hakikuwa na taka.

"Ukisema, watakuachilia?"

"Nadhani. Nitakuwa sina tena cha kungoja."

Kwa siku kadhaa alishona tu. Aliwaza mengi, na si yote yalikuwa mazuri. Aliwaza kwamba ana haki ya kumpenda wake kuliko wa mwenzake. Aliwaza kwamba kuna rufaa, na rufaa huchukua miaka, na akinyamaza tu huenda Fundi angekuwepo mpaka yeye mwenyewe azeeke. Foronya alikwenda nao kwa miguu yake, hakuburutwa. Kila alipofika hapo katika mawazo yake, uzi ulikatika.

"Alikwambia nini?" akauliza siku moja, akiwa amempa mwanawe mgongo. "Pale ulipokuwa umelala."

"Aliniambia tulia, kaka, wanakuja. Mimi nilikuwa naita mama. Nikaita, nikaita. Kila nikiita, akaitika yeye. Akasema, 'Naam, mwanangu.' Nilijua siye wewe, lakini nilitulia."

Mama Fundi alilia hapo, kwa sauti, uso kwenye pazia la mteja. Lilikuwa pazia la kijani la sebuleni na lililowa hata ikabidi alifue kabla ya kulipeleka.

Siku ya adhabu aliitwa mara tatu, ingawa alikuwa hatua chache tu kutoka kwa karani. Alisimama mahali pa mashahidi, akamwona wakili wa serikali akimtikisia kichwa kumtia moyo.

"Mheshimiwa, nimefundishwa maneno ya kusema, ila siyasemi. Mwanangu yuko hapa. Muulizeni mwanangu, huyo kijana wa nne alimfanya nini? Muulizeni yeye, si mimi."

Fundi alisimama. Washtakiwa wanne kizimbani walimtazama. Kamanda alitazama kucha zake. Wakili wa serikali aliweka pingamizi kwa sauti ya upole. Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma jalada lote, hata pembezoni mwa karatasi, na usingizi wake wa siku zile ulikuwa wa taabu.

"Mama, mahakama inakupa pole," alisema. "Lakini ushahidi ulishafungwa na hukumu ilishatolewa. Marehemu alikuwepo muda wote na hakuna upande uliomwita kuwa shahidi. Tena hajaapa, na sioni tutamwapisha vipi mtu ambaye hana la kuogopa akisema uongo."

"Mheshimiwa," Fundi akasema, "mimi ndiye niliyeuawa."

"Mahakama inalitambua hilo. Kaa, tafadhali."

Fundi alikaa. Jaji akasoma. Alisema uhalifu wa magenge umekithiri na jamii inataka kuona mfano. Anayefuatana na kundi kwenda mahali ambapo mtu anauawa, alisema, amebeba kifo hicho pamoja na kundi, na sheria haipimi nani alishika nini. Kamanda, kwa kuwa alikiri mapema, akaisaidia mahakama na kuonyesha majuto, alipata miaka kumi. Wawili wale walipata thelathini. Kwa Foronya jaji alisema kwamba mshtakiwa wa nne ameshikilia hadi leo kuwa hakuua, kwa hiyo hakuna majuto ambayo mahakama ingeweza kuyaona. Miaka thelathini. Shati litateketezwa muda wa rufaa ukipita.

Mama yake Foronya aliufungua mfuko wake, akalitazama lile shati safi kama mtu anayehakikisha halijaibiwa, akaufunga.

"Na marehemu," jaji alisema akikusanya karatasi, "ameachiliwa. Asante kwa kuhudhuria."

Ulikuwa mchana wa jua kali. Mama Fundi alishuka ngazi akiwa amemshika mwanawe mkono, ule mkono wa baridi, akijiandaa kwa safari ya makaburini. Alishaamua kumsindikiza mpaka mwisho na asimwambie arudi, maana angemwonea. Lakini Fundi alisimama uani, mahali karandinga la magereza lilipoegeshwa mlango wa nyuma ukiwa wazi. Wafungwa walikuwa wakipandishwa mmoja mmoja. Foronya alikuwa wa mwisho, na pingu zilimzuia kushika chuma cha kupandia.

"Mama," Fundi akasema, "yule anakwenda peke yake."

"Wameshakuachilia, baba. Nenda ukapumzike."

"Wameniachilia, ndiyo. Naweza kwenda ninakotaka." Alimkumbatia. Mama alipitisha kiganja mgongoni mwake, akaukuta mshono wake, haujaachia popote. "Mimi hakuniacha peke yangu."

Alitembea hadi kwenye karandinga, akamshika Foronya chini ya kwapa, akamnyanyua, kisha akapanda naye, wakakaa bega kwa bega. Askari alihesabu vichwa, akaona idadi ni sawa na ya karatasini, kwa kuwa wafu hawahesabiwi. Akafunga mlango.

Gereza lile hupokea wageni Jumapili. Jumapili ya kwanza Mama Fundi alifika amechelewa, akakuta foleni imezunguka ukuta. Mbele kabisa, karibu na geti, mwanamke wa mabuti ya mpira alimpungia mkono.

"Njoo, dada. Nimekushikia nafasi."

Mama Fundi alikwenda akasimama mbele yake. Walikuwa hawajawahi kusemezana. Wakasimama hivyo, mkoba kwa mfuko, mpaka foleni iliposogea.

Getini askari alipitisha kidole kwenye majina, chini, juu, chini tena. "Huyu wako hayupo humu. Hajafungwa."

"Yupo ndani."

"Kuwepo anaweza kuwepo. Lakini hajafungwa, na asiyefungwa hana mgeni."

"Huyu ni mdogo wangu," akadakia mama yake Foronya. "Tumekuja kwa mtu mmoja." Askari aliwatazama nyuso zao zisizofanana hata kidogo, akachoka, akawapisha.

Vijana walikuja kwenye wavu pamoja. Foronya alikuwa amenyolewa, na tayari alikuwa amekonda shingoni. Fundi alikuwa vile vile. Akalalamika kwamba grili za mle zimechomelewa hovyo, fundi yeyote angeona aibu, lakini kila akitoa ushauri hakuna anayemsikiliza. Foronya alicheka kidogo. Mama yake alimpitishia lile shati safi kupitia dirisha la ukaguzi, na mara hii lilipita. Mama Fundi alilitazama likimkaa kijana yule mabegani, akaona lina mikono mifupi kuliko inavyotakiwa. Akasema Jumapili ijayo atakuja na jingine alilolishona mwenyewe vizuri. Foronya akaitika, "Naam, mama."

Wakiwa wanatoka, mwanamke mmoja aliyekuwa bado kwenye foleni aliwauliza kama watu wanavyoulizana pale.

"Wa kwako anatoka lini, mama?"

"Atakapotoka mwenzake," Mama Fundi akasema.

Miaka thelathini haikumpa nafasi, na hilo alilijua. Alikuwa na kisukari na magoti yaliyochoka. Basi siku moja ya kazi alipita mahakamani, akapanda ngazi akipumzika kila mahali pa kupumzikia, akamkuta karani pale pale, kati ya ndoo ya mchanga na mlango. Miwani yake ilikuwa mpya.

"Nina ombi," akamwambia. "Siku wale vijana watakapotoka, mimi nitakuwa nimeshakufa. Nakuomba siku hiyo uende kwenye geti la gereza uniite jina langu mara tatu. Kwa makosa tu, kama ulivyofanya."

Karani alifikiri. "Nitakuwa nimestaafu, mama. Huenda nami nitakuwa huko huko kwenu."

"Mwachie maagizo atakayekuwepo."

"Jina lako kamili ni lipi?"

Akamtajia. Karani alilirudia mara moja, polepole, kwa sauti ya chini isiyofika hata mwisho wa benchi, kwa sababu hakutaka kumwita kabla ya wakati. Kisha akaomba radhi, kulikuwa na kesi nyingine ya genge lingine. Akafungua jalada, akaweka kidole chini ya kila jina, akaanza kuwaita washtakiwa. Walikuwa sita.